Harriet Tubman aliwatorosha watu wangapi, na aliwezaje?

Swali: Binti yangu yuko kidato cha pili na amepewa kazi ya kuandika habari za Harriet Tubman, yule mama wa Marekani aliyetoroka utumwani kisha akarudi kuwatorosha wenzake. Kitabu alicho nacho kinasema aliwatorosha watu 300 katika safari 19, lakini makala nyingine inataja watu 70 na safari 13. Ipi ni kweli? Nami naongeza swali langu: mtu asiyejua kusoma wala kuandika, tena mwenye maradhi ya kushikwa na usingizi wa ghafla, aliwezaje kurudi mara zote hizo mahali alikotoroka bila kukamatwa?

Jibu: Ndugu msomaji, binti yako aandike kwamba Harriet Tubman aliwatoa utumwani watu wapatao 70, katika safari zipatazo 13, kati ya Desemba 1850 na Desemba 1860, na kwamba watu wengine kati ya 50 na 70 walitoroka wenyewe kwa kufuata maelekezo ya njia aliyowapa. Mwalimu wake akishikilia 300, amweleze kwa heshima hesabu hiyo ilikotoka. Ilitoka kwa Sarah Bradford, mwandishi wa jimbo la New York aliyechapisha wasifu wa Harriet mwaka 1869 kwa nia njema kabisa ya kumpatia fedha wakati ambapo mama huyo alikuwa na madeni. Kitabu kiliandikwa kwa haraka, hesabu zikakuzwa, na waliofuata wakanakili. Harriet mwenyewe, alipokuwa akihutubia mikutano ya wapinga utumwa mwaka 1858 na 1859, alisema mara kadhaa kwamba alikuwa amewatoa watu 50 hadi 60 katika safari 8 au 9, na ukijumlisha safari chache alizofanya baada ya hapo unafika karibu kabisa na hesabu ya wanahistoria wa leo.

Wakati binti yako anasafisha hesabu, aondoe na mengine mawili. La kwanza ni dau la dola 40,000 linalodaiwa kutangazwa kwa atakayemkamata. Mwaka 1859 Harriet aliuziwa nyumba na ekari 7 za ardhi huko Auburn, New York, kwa dola 1,200. Dau la dola 40,000 lingenunua zaidi ya mali 30 za namna hiyo, na hakuna bwana wa Maryland, jimbo alikotoroka Harriet, ambaye angetoa fedha kama hizo kwa mtoro mmoja. Tangazo tunalolijua ni la Oktoba 1849, lililowekwa gazetini na Eliza Brodess, mjane aliyedai kummiliki: dola 100 akikamatwa nje ya jimbo, dola 50 akikamatwa ndani yake. La pili ni ule msemo unaosambazwa kila mahali, kwamba aliwaokoa watumwa elfu moja na angeweza kuwaokoa elfu wengine kama wangejua kuwa ni watumwa. Haumo katika kumbukumbu zozote za zama zake, na mimi naona unawatukana watu ambao walijua vizuri sana kwamba ni watumwa, ila walikuwa na watoto wadogo, wazazi wazee na mbwa wa wawindaji nyuma yao.

Kama darasa linataka namba kubwa, ipo moja ya kweli, lakini ni ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, Harriet, ambaye wakati huo alikuwa mpelelezi wa jeshi la Kaskazini huko South Carolina, aliambatana na Kanali James Montgomery na askari Weusi wapatao 300 kuupanda Mto Combahee kwa meli za mvuke zenye mizinga. Yeye na wapelelezi wenzake walikuwa wamekwisha kukusanya habari za mahali mabomu yalipotegwa mtoni. Zaidi ya watu 700 walipanda meli hizo na kuwa huru, yaani mara kumi ya wale aliowatoa kwa miguu katika miaka kumi. Serikali iliyomtuma haikuwa na haraka ya kumlipa: hadi mwaka 1899 alikuwa akipokea dola 8 kwa mwezi kama mjane wa askari, mume wake wa pili, ndipo Bunge likapandisha malipo hayo hadi dola 20. Alifariki Auburn tarehe 10 Machi 1913, na mnamo Novemba 2024 jimbo la Maryland likampa cheo cha brigedia jenerali wa jeshi lake la akiba.

Sasa turudi kwenye safari zenyewe. Nashikilia hesabu ndogo kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako la pili. Harriet hakuwa akizunguka majimbo ya Kusini akimchukua kila aliyejitokeza. Alikuwa akirudi karibu kila mara katika eneo lile lile, kaunti ya Dorchester na jirani yake Caroline, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake, kuwachukua watu aliowajua kwa majina: kaka zake, wapwa zake, wazazi wake, na majirani waliosikia kwamba amefika. Siri yake kubwa ilikuwa hiyo. Alikuwa mwenyeji.

Alizaliwa huko karibu mwaka 1822, akaitwa Araminta Ross, au Minty kwa kifupi, mtoto wa Ben Ross na Harriet Green ambaye watu walimwita Rit. Baba alikuwa mtumwa wa bwana mmoja na mama wa bwana mwingine, na watoto walifuata umiliki wa mama. Dada zake watatu, Linah, Soph na Mariah Ritty, waliuzwa kwenda Kusini, na hawakurudi. Mfanyabiashara wa Georgia alipomtaka mtoto wa mwisho, Moses, Rit alimficha kwa takriban mwezi mzima, na walipokuja kumchukua aliapa kukipasua kichwa cha mtu wa kwanza atakayeingia ndani. Biashara ikavunjika. Minty aliyaona hayo akiwa mdogo, na nadhani haikuwa lazima mtu amfundishe tena kwamba bwana anaweza kukataliwa.

Yeye mwenyewe alikodishwa kwa watu tangu akiwa na umri wa miaka mitano au sita. Alilea mtoto mchanga wa mwanamke aliyemchapa viboko kila mtoto alipolia, na makovu ya shingoni alikwenda nayo hadi kaburini. Mahali pengine alitumwa kukagua mitego ya wanyama wa majini katika mabwawa ya baridi huku akiugua surua. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na kitu, katika duka moja la kijiji cha Bucktown, mnyapara alirusha jiwe la mizani lenye uzito wa ratili mbili akimlenga kijana aliyekuwa akikimbia, likampata Minty kichwani. Hapo ndipo yalipoanza maradhi uliyoyataja. Usingizi ulimkamata katikati ya maneno, akazinduka baada ya muda na kuendelea alipoishia. Pamoja na usingizi zilikuja ndoto na maono ambayo yeye aliyaamini kuwa sauti ya Mungu. Wasafiri wake waliarifiwa mapema, na alipolala njiani walikaa kimya kumzunguka hadi alipoamka. Thomas Garrett, mmoja wa waliomsaidia njiani na aliyemjua kwa miaka mingi, alisema hakuwahi kukutana na mtu mwenye imani kubwa kama yake katika sauti ya Mungu.

Baada ya kupona alikataa kazi za ndani na kwenda kufanya kazi msituni pamoja na baba yake, ambaye alikuwa fundi mashuhuri wa kuchagua na kukata miti ya mbao za meli. Alipasua kuni, akaburuta magogo, na kwa akiba yake akanunua maksai wawili kwa dola 40. Msomaji asiipite habari hii upesi. Katika kazi ya mbao, binti asiyejua herufi alijifunza kusoma msitu: mito inaelekea wapi, kinamasi kipi kinavukika wakati gani, Nyota ya Kaskazini iko wapi mawingu yakipasuka. Mbao zilipelekwa bandarini, na bandarini walikuwepo mabaharia Weusi, watu huru na watumwa, waliokwenda Baltimore na Philadelphia na kurudi na habari. Walijua nani wa kuaminiwa, nyumba ipi inafungua mlango usiku, na polisi wa mji gani wamelala. Mtandao ule walioupa jina la reli ya chini ya ardhi haukuwa na reli wala treni, ulikuwa watu wa namna hiyo waliounganishwa na habari, na Harriet aliufahamu kabla hajauhitaji.

Aliuhitaji mwaka 1849. Edward Brodess, bwana wake, alifariki mwezi Machi akiacha madeni, na kila mtu shambani alijua madeni ya bwana hulipwa kwa kuuza watu. Wakati huo alikuwa ameolewa na John Tubman, mtu huru, na amechukua jina la mama yake, Harriet. Tarehe 17 Septemba alitoroka na kaka zake Ben na Henry, lakini wao waliingiwa na hofu wakamrudisha. Muda mfupi baadaye aliondoka peke yake, akasaidiwa na Wakwekeri, waumini wale wale ambao wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanawafahamu kwa jina la Marafiki, na akafika Philadelphia baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 145. Siku hizi neno mtoro tunalitumia hata kwa mwanafunzi anayekwepa shule. Kwa sheria ya Maryland ya wakati ule, mtoro alikuwa mali iliyojiiba yenyewe.

Huko akapata kazi za upishi na usafi, na mishahara hiyo ndiyo iliyogharimia safari za kurudi. Ya kwanza ilitokea Desemba 1850, na ni kazi ya akili zaidi kuliko ya miguu. Kessiah, binti wa dada yake Linah aliyekuwa ameuzwa zamani, aliwekwa mnadani pamoja na watoto wake wawili mbele ya mahakama ya mji wa Cambridge. Mumewe, John Bowley, seremala wa meli na mtu huru, alijitokeza kama mnunuzi, akapandisha bei hadi akashinda. Dalali akaenda kula. Aliporudi kudai fedha hakuona mtu wa kulipa, akaamua kuanza mnada upya, na sasa hata wa kuuzwa hawakuonekana, kwa sababu walikuwa wamefichwa katika nyumba ya mwanamke mmoja hatua chache kutoka pale. Usiku Bowley aliwapakia katika mtumbwi na kuwavusha hadi Baltimore, ambako Harriet alikuwa akiwangoja.

Mwezi Septemba mwaka huo huo ilikuwa imepitishwa sheria ya kuwarudisha watoro, iliyowalazimu hata watu wa majimbo huru kusaidia kuwakamata. Ofisa aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachia. Kwa hiyo Philadelphia haikuwa tena mwisho wa safari. Harriet alisema hawezi kuwaamini watu wake mikononi mwa serikali ya Marekani, akaanza kuwapeleka hadi Kanada, katika mji wa St. Catharines karibu na maporomoko ya Niagara.

Mwaka 1851 alirudi kumchukua mumewe akiwa amemnunulia suti, akakuta ameoa mke mwingine na hataki hata kuonana naye. Aliumia, kisha akawakusanya waliokuwa tayari na kuondoka nao badala yake.

Mbinu zake zilikuwa za mtu anayejua adui yake anafikiri nini. Alisafiri zaidi wakati usiku ni mrefu na watu wamejifungia ndani kwa baridi. Aliwaondoa watu Jumamosi usiku, kwa kuwa tangazo la mtoro halikuweza kuchapishwa kabla ya Jumatatu. Akihisi anafuatiliwa, alipanda treni ya kuelekea Kusini, maana nani angemshuku mwanamke Mweusi anayekwenda kule kule utumwani? Mara moja alimwona bwana wake wa zamani akija barabarani, akavuta kamba iliyofunga miguu ya kuku aliokuwa nao, wakapiga kelele na kupapatika, naye akawakimbiza huku ameinamisha uso. Alibeba bastola, kwa ajili ya wawindaji na pia kwa ajili ya msafiri atakayetaka kurudi, kwani mmoja akirudi na kuhojiwa, nyumba zote za njiani zimekwisha.

Wala hakuwa peke yake, jambo ambalo hadithi za mashujaa hupenda kulisahau. Mjini Wilmington, Delaware, alikuwepo huyo Garrett, mfanyabiashara wa chuma aliyewasaidia watoro wapatao 2,700. Mwaka 1856 Harriet alipofika na Joe Bailey, ambaye kukamatwa kwake kulitangaziwa dola 1,500, daraja la kuingilia mjini lilikuwa na walinzi. Garrett alipeleka waashi Weusi kwa magari ya kukokotwa, wakavuka asubuhi wakiimba na kupiga kelele kama wanakwenda karamuni, na usiku wakarudi kwa kelele zile zile, wakati huu watoro wamelala sakafuni ndani ya magari. Philadelphia alikuwepo William Still, mtoto wa watu waliotoka utumwani, aliyeandika katika daftari lake jina la kila mtoro aliyepita, la bwana wake na la ndugu zake aliowaacha. Daftari hilo ni moja ya sababu zinazotuwezesha leo kuzungumza habari za 70 badala ya 300.

Safari ninayoipenda kuwasimulia wanafunzi ni ya Krismasi ya mwaka 1854. Harriet alipata habari kwamba kaka zake Robert, Ben na Henry wangeuzwa mara baada ya sikukuu. Akamwomba rafiki amwandikie barua Jacob Jackson, mtu huru wa Dorchester aliyejua kusoma, kwa jina la kijana ambaye Jackson alikuwa amemlea. Ndani yake palikuwa na maneno haya: waambie kaka zangu wawe wakikesha katika maombi, na jahazi la Sayuni likipita wawe tayari kupanda. Wakaguzi wa posta waliifungua wakashangaa, maana kijana yule hakuwa na kaka hata mmoja. Wakamwita Jackson, akaisoma mara moja, akasema haina maana yoyote na bila shaka si yake, kisha akaenda moja kwa moja kuwaambia kaka zake Harriet kwamba dada yao anakuja.

Waliondoka Jumamosi usiku. Robert alichelewa kwa sababu mkewe alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Alisubiri mtoto azaliwe, kisha akawafuata. Asubuhi ya Krismasi walikuwa wamejificha katika banda la majani karibu na nyumba ya wazazi wao huko Poplar Neck, mvua ikinyesha. Mzee Ben aliitwa kwa siri, akawaletea chakula, lakini hakuwatazama. Rit hakuambiwa kabisa, kwa kuwa walijua angelia kwa sauti na majirani wangesikia. Alikuwa amepika chakula cha sikukuu akiwangoja wanawe, na wao wakimchungulia kupitia nyufa za ukuta walimwona akitoka tena na tena, mkono juu ya macho, akitazama barabara. Usiku Mzee Ben alijifunga kitambaa machoni, akawasindikiza kipande cha njia huku ameshikwa mikono pande zote mbili, kisha akasimama akisikiliza hatua zao hadi zikapotea. Wawindaji walipokuja kumuuliza, aliapa kwamba hajawaona wanawe, na kiapo chake kilikuwa cha kweli. Tarehe 29 Desemba walikuwa mbele ya William Still, na huko ugenini wakajiita Stewart. Wazazi wenyewe Harriet aliwachukua mwaka 1857, kwa farasi mzee na kigari alichokiunga kwa magurudumu makuukuu, kwa sababu miguu yao haikuweza tena.

Akiwa amezeeka, mwaka 1896, aliuambia mkutano wa wanawake kwamba treni yake haikuwahi kutoka relini wala hakuwahi kupoteza abiria. Ni kweli. Lakini wapo ambao hakuwahi kuwapakia, na wa kwanza kati yao ni mdogo wake Rachel. Kwa miaka mingi Harriet alijaribu kumtoa, na Rachel hakukubali kuondoka bila watoto wake wawili, Ben na Angerine, ambao waliwekwa mbali naye. Mwishoni mwa mwaka 1860 Harriet alirudi mara nyingine na kukuta kwamba Rachel amekwisha kufariki. Watoto wale wangeweza kupatikana kwa dola 30 za kumhonga mtu, na dola hizo hakuwa nazo.

Akawachukua waliokuwa tayari: Stephen na Maria Ennalls, mabinti zao wawili wa miaka 6 na 4, na mtoto mchanga wa miezi mitatu, pamoja na watu wengine wawili. Walikuwa na kapu lenye blanketi, kuni kidogo za kuwashia moto, na mkate wa mtoto pamoja na dawa ya kasumba ya kumlaza asilie mchana. Usiku walitembea wakiwabeba wadogo, na mchana walilala kichakani juu ya ardhi iliyoganda kwa baridi, huku Harriet akienda kutafuta chakula. Wakati mwingine hakuweza kurudi hadi giza liingie, kwa kuhofia kufuatwa, na kama wenzake walikuwa wamejisogeza ndani zaidi ya kichaka asiwaone, alipiga mluzi au kuimba wimbo fulani wa dini waliokubaliana, nao wakamwitikia kutoka gizani. Walifika Auburn wote saba mwishoni mwa Desemba, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho.